Mke kanishtaki polisi na anadai talaka, sasa ananiita tuongee yaishe: niende?

Kaka mmoja ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo na nimetoa vitu vya kumtambulisha: "Wakili habari za kazi. Mimi na mke wangu tuna miaka 9 kwenye ndoa na watoto 2, wa kike ana miaka 8 wa kiume 5. Mwezi uliopita tuligombana usiku, kukawa na kusukumana, akaenda polisi akasema nimempiga. Nililala lokapu, kesho yake nikapelekwa mahakamani nikapewa dhamana kwa sharti nisimsogelee wala nisiwasiliane nae. Wiki hii nimeletewa na karatasi za talaka, anataka watoto na nyumba, na nyumba iko kwa jina langu. Juzi usiku kanitumia meseji, 'njoo tuongee yaishe, nitafuta kesi'. Je niende? Polisi mimi nilikataa kuandika maelezo, ndugu zangu wanasema kunyamaza ni kukiri, ni kweli? Nyumba ataichukua? Na watoto nitawaona lini?"

Pole sana kaka. Hukusema uko nchi gani kwa hiyo nitakueleza misingi ambayo iko karibu kila mahali, na pale nchi zinapotofautiana nitakutajia mfano. Ila tarehe ya mwisho ya kujibu zile karatasi za talaka iangalie leo hii kabla hata hujamaliza kunisoma, maana zile karatasi zina siku zake, zikipita bila jibu mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja na kuamua mambo ya watoto na nyumba wewe hupo, na kufungua upya uamuzi wa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kujibu kwa wakati.

Sasa nianze na la meseji maana ndo linalowaka. Usiende.

Najua unachofikiria, kwamba kaniita mwenyewe, ushahidi ninao kwenye simu, kosa langu liko wapi. Kosa liko hapa: lile sharti la dhamana sio la mkeo, ni la mahakama, na linakufunga wewe sio yeye. Yeye hana uwezo wa kulilegeza hata akitaka kwa moyo safi kabisa. Anaweza kukupigia, kukuandikia, kukuita, yeye hajavunja kitu, ila wewe ukijibu au ukienda umevunja. Wa kulibadilisha ni hakimu peke yake na njia yake ni wakili wako kupeleka maombi kwamba sharti lirekebishwe, mfano muwasiliane kwa maandishi tu na kuhusu watoto tu, au kupitia mtu wa tatu mnayemuamini wote. Maombi ya hivyo yanakubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa kukiwa na watoto, lakini yanatangulia kuombwa ndo unasogea, sio unasogea halafu unaomba.

Nilikuwa na mteja, mtu mpole kabisa, sharti lake kama lako. Jioni moja mkewe akampigia mwenyewe, mtoto ana homa njoo umpeleke hospitali. Akaenda, nani asingeenda. Pale getini wakaanza kubishana nani ambebe mtoto, sauti zikapanda, jirani akapiga simu polisi. Hakumgusa mtu. Asubuhi upande wa mashtaka ukaomba dhamana yake ifutwe na hakimu akamuuliza swali moja tu, "hili sharti ulisomewa ukalielewa?" akajibu ndio mheshimiwa. Basi. Alikaa mahabusu wiki sita, kibarua kikaota nyasi, na kwenye kesi ya watoto ile jioni ya getini ndo ikawa kitu cha kwanza kusomwa. Nilipomuuliza kwanini hukunipigia kwanza akasema alinipigia mara mbili sikushika simu, na tangu siku hiyo kila mteja wangu mwenye sharti la aina hii nampa namba ya mtu wa pili ofisini. Na wewe mwombe wakili wako hivyo hivyo. Mtoto akiugua anaenda dada yako au mama yako, wewe unabaki mwisho wa simu.

Ile meseji usiijibu na usiifute. Iache ilivyo kwenye simu, piga skrinshoti inayoonyesha tarehe na namba, mpelekee wakili. Usiijibu hata kwa "sawa". Usimtume mdogo wako nae aende akaongee kwa niaba yako, kwa sababu kwenye masharti mengi kuwasiliana kupitia mtu mwingine ni kuwasiliana tu.

Halafu kuna hilo neno "nitafuta kesi", hapa watu wengi wanapotea. Kesi ya jinai sio ya mkeo. Angalia juu ya hati ya mashtaka yako, mlalamikaji ni Jamhuri au Serikali au vyovyote nchi yenu inavyoita, mkeo ni shahidi. Akienda kusema amesamehe, mwendesha mashtaka anaweza kumsikiliza na anaweza kuendelea, kuna sehemu wanaendelea kabisa na ushahidi wa daktari, picha, majirani na ile simu ya kwanza aliyopiga polisi. Na ile kanuni mnayoisikia kwamba mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, nchi nyingi zimeweka mlango wa kutokea pale ambapo aliyeumizwa ni huyo huyo mke au watoto. Kwa makosa madogo kuna nchi sheria inaruhusu mahakama yenyewe kusimamia mapatano, lakini hayo yanafanyika mbele ya hakimu, wazi, kila mtu ana mtu wake. Hayafanyiki sebuleni saa tatu usiku. Ukienda sebuleni mkakubaliana afute, kesho akibadilika au ndugu zake wakimbadilisha, unachoenda kushtakiwa sasa ni kumshawishi shahidi, na hilo mara nyingi ni kosa zito kuliko kusukumana kwenyewe.

Tuje kwenye kunyamaza. Ndugu zako wanakupenda ila kwa hili wamekosea.

Kuna kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1935 ambayo kila wakili wa nchi zilizorithi sheria za Waingereza ameisoma, na ukiiangalia vizuri ilianzia kwenye ndoa kama yako. Kijana wa miaka 21, mfanyakazi wa shambani, anaitwa Reginald Woolmington, mkewe alimuacha akarudi kwa mama yake. Kijana akaenda na bunduki, ikalia, mke akafa. Yeye akasema nilitaka kumuonyesha kwamba nitajiua asiporudi, bunduki ikafyatuka kwa bahati mbaya. Jaji akaliambia baraza la wazee wa mahakama, yani wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia, kwamba ikishathibitika ameua, ni juu yake kuthibitisha kuwa ilikuwa ajali. Akahukumiwa kunyongwa. Rufaa ikafika mpaka mahakama ya juu kabisa ya huko na pale hukumu ikafutwa, wakasema mzigo wa kuthibitisha kosa unabaki kwa upande wa mashtaka toka mwanzo mpaka mwisho, mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kwamba hana hatia, akiacha shaka ya maana tu imetosha. Nakutajia hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba haki unayoitumia leo ilipiganiwa na mtu ambaye kamba ilishaandaliwa. Ya pili ni kwamba kama kijana yule asingeenda kule kwa mama mkwe "kuongea" mkewe angekuwa hai, na kijana asingefika kwenye kitabu chochote cha sheria.

Haki hiyo leo iko kwenye mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 14: unahesabiwa huna hatia mpaka ithibitike, na hulazimishwi kutoa ushahidi dhidi yako mwenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 49 inataja wazi kabisa haki ya mtu aliyekamatwa kunyamaza na kuelezwa madhara ya kutonyamaza, na kwamba afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, Uganda katiba yao inasema saa 48. Marekani ni kesi ya Miranda ya 1966 hiyo hiyo mnayoisikia kwenye sinema polisi wanasoma "una haki ya kukaa kimya". Uingereza wenyewe wamepunguza kidogo, tangu 1994 sheria yao inaruhusu mahakama kuchukulia vibaya ukinyamaza polisi halafu mahakamani ukaja na hadithi ambayo ungeweza kuisema mapema. Kwa hiyo sikuambii unyamaze milele. Nakuambia usiseme kabla hujaongea na wakili, na ulivyofanya siku ile ulifanya vizuri.

Jina lako, umri, unapokaa, hivyo unavijibu kwa heshima, usigombane na polisi, usisukume mtu. Kuhusu tukio lenyewe unasema tu "nitatoa maelezo mbele ya wakili wangu" halafu unanyamaza kweli. Sehemu ngumu ni hiyo ya kunyamaza kweli, maana saa nane usiku umechoka, askari mmoja anakuletea maji anaanza kukuongelesha kirafiki kuhusu watoto, na wewe una uchungu, unataka mtu akuelewe. Nimeona maelezo ya onyo, yale unayoandikwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yako, yaliyoanza na mtu kusema hasemi kitu na yakaisha kurasa nne. Na ukija kuandika maelezo siku yoyote, soma kila mstari kabla ya saini, neno lisilo lako likatwe na uweke saini ndogo pembeni ya hapo palipokatwa, kwa sababu "nilimsukuma akaanguka" na "alinisukuma nikamshika mkono akateleza" kwenye karatasi ni tofauti ya mistari miwili na kwenye maisha yako ni tofauti ya miaka.

Kunyamaza kunahusu na simu kaka. Status za WhatsApp, voisi noti kwa shemeji, lile grupu la familia, kuna mtu humo ndani anapiga skrinshoti. Nilishakaa mahakamani nikisikiliza meseji za mteja wangu zikisomwa moja moja kwa sauti ya karani isiyo na hisia yoyote, "utajuta", halafu saa, halafu tarehe. Yeye aliandika kwa hasira maana yake utajuta kuniacha. Likisomwa vile, "utajuta" lina maana moja tu.

Kwenye barua yako umeandika "kukawa na kusukumana". Sikujui na siwezi kukuhukumu, lakini hiyo sentensi haina mtu ndani yake, nani alimsukuma nani? Kwa wakili wako usiongee hivyo. Mwambie ukweli wote, hata ule unaokuaibisha, yeye amefungwa kutunza siri yako na hawezi kukutetea kwa hadithi ambayo daktari ameshaikanusha kwenye fomu, ile PF3 ya Tanzania au P3 ya Kenya, ambayo inaandika jeraha liko wapi na limesababishwa na kitu cha aina gani. Kama kweli ulimpiga, hakuna sheria inayokupa ruhusa hiyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 ililiandika zamani kabisa kwenye kifungu cha 66, hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo bila kujali mila inasemaje. Kukiri mapema kwa ushauri wa wakili, kwenda kwa mshauri kabla hujalazimishwa, kuacha pombe kama pombe ndo ilikuwepo, hivyo vinapunguza adhabu na zaidi ya hapo vinamfanya mwanao asirithi hicho kitu. Mimi nimetetea wanaume na nimesimamia wanawake waliopigwa, na wale waliobadilika kweli ni waliokubali kusema "nilimpiga" bila kuongeza "ila".

Kama hukumpiga, basi usikimbilie kufungua kesi ya kujibu mapigo eti nae alinikwaruza. Kusanya vitu: nani alikuwepo ndani, nani alisikia, ulimpigia nani saa ngapi, una alama yoyote mwilini nenda upimwe sasa hivi kabla haijapona. Majina ya mashahidi mpe wakili, wewe usiende kuwafundisha cha kusema.

Sasa kitu ambacho hata mawakili wengine wanakisahau, na naomba hapa unisome polepole. Una kesi mbili kwenye mahakama mbili lakini tukio ni lile lile, na mizani yake haifanani. Kwenye jinai wanatakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka yoyote ya maana. Kwenye talaka na watoto, mahakama inaangalia upande upi una uzito zaidi, yani hata ukizidi kidogo tu. Ndo maana mtu anaweza kushinda moja akashindwa nyingine kwa jambo hilo hilo. Mfano unaojulikana dunia nzima ni O. J. Simpson kule Marekani, 1995 aliachiwa huru kwenye kesi ya mauaji ya aliyekuwa mke wake na mtu mwingine, 1997 mahakama ya madai ikamkuta anawajibika kwa vifo vile vile na akaamriwa kulipa mamilioni ya dola. Kwa hiyo usije ukasema nikiachiwa kwenye jinai basi talaka nimeshinda, hakimu wa watoto anaweza kukuta kwamba kuna uwezekano mkubwa ulimpiga na akaamua kwa hilo.

Na hatari yenyewe iko hapa: kwenye jinai una haki ya kunyamaza, ila kwenye talaka unatakiwa ujibu, tena kwa kiapo. Zile karatasi za mkeo bila shaka zina aya inayoelezea usiku ule. Ukikaa ukazijibu mwenyewe kwa hasira, ukaandika kurasa tatu za kilichotokea, umemaliza ile haki yako ya kunyamaza kwa mkono wako, mwendesha mashtaka anaomba kopi anakuwa na maelezo yako yote yenye kiapo. Ukitofautiana na ulichosema sehemu nyingine kwa neno moja umekuwa muongo kwenye kesi zote mbili. Kwa hiyo wakili wa jinai na wakili wa talaka kama ni watu wawili lazima waongee, na kama ni mmoja muulize swali hili waziwazi, "nijibu vipi hii aya bila kuharibu kule?" Kuna njia, aya inakanushwa kwa ujumla na kutajwa kwamba jambo liko mbele ya mahakama ya jinai, au inaombwa sehemu hiyo isubiri wakati mambo ya matunzo na watoto yanaendelea kwa muda. Ni wakili anayejua taratibu za kwenu atakayechagua.

Nyumba. Jina lako kwenye hati ni mwanzo wa mjadala, sio mwisho wake. Tanzania toka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua, kulea, ni mchango kwenye mali iliyopatikana wakati wa ndoa hata kama hakutoa pesa. Na cha kusikitisha ni kwamba yule mama mwenyewe aliyefungua huo mlango hakupata kitu siku hiyo, waliona fungu lake alishalimaliza kwa pesa ambazo mumewe alimpa kuanzishia biashara, lakini wanawake waliokuja nyuma yake wamepita kwenye mlango ule mpaka leo. Kenya sheria ya mali za wanandoa ya 2013 inataja mchango usio wa pesa kwa jina, na Mahakama ya Juu ya huko Januari 2023 ikasisitiza kwamba usawa wa wanandoa haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mtu anaonyesha alichochangia. Kwa hiyo jibu la "ataichukua?" ni kwamba kuichukua yote ni vigumu, kupata fungu lake kuna uwezekano mkubwa kama mliijenga au kuinunua mkiwa pamoja, na kama uliipata kabla ya ndoa au uliirithi una hoja nzuri zaidi, ila hata hapo kama aliiendeleza kuna kitu chake. Kuna tofauti pia ya nani atakaa humo na nani anamiliki. Mahakama inaweza kusema mama na watoto wakae mpaka kesi iishe bila kugusa hati.

Usifanye ule mchezo wa kuihamishia kwa kaka yako au kuiuza haraka haraka. Mkeo anaweza kuweka zuio, mauzo yanabatilishwa, na hakimu akishaona ulijaribu kuficha mali kila utakachosema baada ya hapo anakipunguzia nusu. Tafuta tu risiti za vifaa, mikataba ya fundi, taarifa za benki, na za kwake pia usizichome.

Wakili ni gharama, najua. Usikae nyumbani kwa sababu hiyo. Tanzania ina sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 na Kenya ya 2016, kuna wasaidizi wa kisheria, kuna kliniki za vyuo vya sheria na vyama vya mawakili vinavyotoa siku za ushauri bure. Kama pesa inatosha wakili wa kesi moja tu, muweke kwenye jinai kwanza, kifungo kitakuharibia na ile nyingine.

Mambo ya usuluhishi nisiyaruke, maana nahisi kama bado unampenda, ulivyoiandika ile meseji yake nimeona. Kupatana kunaruhusiwa na ni kitu kizuri, Tanzania hata sheria inataka shauri la ndoa lipite baraza la usuluhishi kabla ya mahakama isipokuwa kwa sababu maalumu. Ila kuwe kwenye chumba chenye mtu wa kusimamia, baada ya sharti kurekebishwa, na yeye awe huru kukataa. Mtu aliyepigwa na bado anaogopa, akikaa meza moja na wewe na wazee wa ukoo, atakubali chochote ili atoke pale akiwa mzima, na makubaliano ya hivyo hayafiki miezi mitatu.

Watoto sasa, na nimewaacha mwisho kwa makusudi kwa sababu nataka ukimaliza kusoma ndo wakae kichwani.

Mahakama haiulizi nani ana haki zaidi kati yako na mkeo, inauliza nini ni bora kwa hao wawili. Hilo liko kwenye mkataba wa haki za mtoto wa 1989 ibara ya 3, na nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa wameuridhia isipokuwa Marekani. Huyu wa miaka 5 kwa sheria ya Tanzania yuko chini ya ile miaka 7 ambayo mahakama inaanza na dhana kwamba ni vizuri akae na mama, dhana inayoweza kuvunjwa kwa sababu za msingi. Huyu wa 8 anaweza kusikilizwa. Lakini kukaa na mama hakumaanishi baba umefutwa. Kukiwa na shutuma za kipigo mara nyingi wanaanza na kuonana sehemu yenye mtu wa kuangalia, masaa mawili matatu kwa wiki, na wanaume wengi hapo wanasusa, eti siwezi kuangaliwa nikicheza na wanangu. Usisuse. Kila siku uliyofika kwa wakati inaandikwa, na ndo ngazi ya kupandia kwenda kwenye wikiendi nzima. Mwambie wakili aombe hilo agizo la muda sasa hivi, halihitaji kusubiri jinai iishe.

Matunzo toa kuanzia leo bila kusubiri amri. Sharti lako likikataza mawasiliano basi pitisha kwa wakili au lipa ada moja kwa moja shuleni, kwa njia inayoacha kumbukumbu, sio pesa mkononi. Usifunge matunzo na kuonana, yani usiseme "usiponipa watoto sitoi hela", hizo ni haki mbili tofauti na zote ni za mtoto.

Na usiwafanye wajumbe. Niliwahi kuwa kwenye kesi ambapo hakimu alimwita binti wa miaka 8, umri wa huyu wako, chumbani kwake aongee nae taratibu. Mtoto kavaa yunifomu, miguu haifiki chini. Hakimu akamuuliza nyumbani kukoje, akajibu pale pale bila kupumua, "mama hana mchango wowote kwenye ile nyumba". Hakimu akaweka kalamu chini. Akamuuliza, mchango ni nini mwanangu? Mtoto akanyamaza, akaangalia viatu vyake, halafu akaanza kulia akisema amesahau ilivyokuwa inaendelea. Mteja wangu alikuwa baba.

Kwa hiyo siku utakayopewa, iwe ni simu ya dakika kumi kupitia kwa bibi yao au ni Jumamosi kwenye chumba chenye mtu wa ustawi wa jamii kwenye kona, muulize binti yako kuhusu shule, muulize kasoma nini, rafiki yake ni nani siku hizi. Huyu mdogo mbebe. Wakikuuliza baba unarudi lini, waambie bado sijui ila nitakuja tena wiki ijayo siku hii hii, na wiki ijayo uwepo.